Barkodi ya kifurushi: Code 128, Code 39, QR au Data Matrix kwa anayetuma kutoka Mbeya, Iringa na Njombe?

Anayetuma mizigo kutoka Nyanda za Juu Kusini huwa kwenye moja ya njia mbili. Kuna njia ya Posta, anayopita mkulima wa Mbozi anayepeleka sampuli ya kahawa kwa mnunuzi wa Ulaya, au mzazi wa Iringa anayetuma vyeti kwa EMS, huduma ya haraka ya Posta. Na kuna njia ya basi: ofisi ya vifurushi pale stendi, au muuzaji wa Mwanjelwa anayepokea oda kwenye simu na kupakia mzigo kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Wa Posta hachagui barkodi. Anapewa, na kazi yake ni kuilinda. Wa basi anachagua kila kitu mwenyewe, na makosa mengi yanaanzia hapo: anaangalia programu yake ya kuchapia ina nini, badala ya kuuliza kwanza nani ataisoma, kwa kifaa gani, na saa ngapi za usiku.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya kulinganisha. Barkodi haijui mzigo uko wapi. Inabeba namba tu, kitambulisho cha mzigo huo. Habari kwamba mzigo umepita Makambako imo kwenye mfumo, na iliingia pale mtu aliposhika skana na kuupiga. Kama Makambako hakuna wa kuskani, mteja ataona "Umetoka Mbeya", kisha kimya, kisha "Umefika Dar". Ubadilishe mistari uweke QR, orodha hiyo haiongezeki hata kituo kimoja. Kwa hiyo hesabu kwanza vituo vya kuskani, ndipo uje kwenye aina ya msimbo: Code 39 na Code 128 ni za mistari, QR na Data Matrix ni za mraba.

Namba ya Posta: herufi na tarakimu 13

Posta za nchi zote wanachama wa Umoja wa Posta Duniani hutumia muundo mmoja kwa mizigo ya kimataifa, unaoitwa S10. Tuchukue mfano huu: EE102536488TZ.

Herufi mbili za mwanzo zinasema ni huduma gani. E ya kwanza ni EMS, R ni rejista, C ni vifurushi, V ni mzigo wenye bima. Ukiagiza kitu kidogo kutoka nje na namba yake ikaanza na U, kwa kawaida hiyo ni pakiti ya barua isiyoahidiwa kufuatiliwa, kwa hiyo usimsumbue karani wa dirishani. Yeye naye haoni zaidi ya unachoona wewe. Herufi mbili za mwisho ni nchi iliyotoa namba, si nchi mzigo unakokwenda. TZ imetoka Tanzania, DE Ujerumani, CN China.

Katikati kuna tarakimu tisa. Nane ni namba ya mfululizo, ya tisa ni ya ukaguzi. Inapatikana hivi: zidisha tarakimu nane, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Kwa mfano wetu, 1, 0, 2, 5, 3, 6, 4, 8 zinatoa 8 + 0 + 8 + 10 + 9 + 30 + 36 + 56, jumla 157. Gawa kwa 11, baki ni 3. Toa 3 kwenye 11, unapata 8, na ndiyo tarakimu ya tisa. Ukipata 10 unaandika 0. Ukipata 11 unaandika 5.

Faida yake inaonekana karani anapoandika namba kwa mkono kwa sababu karatasi imelowa. Akigeuza 5 na 3 akaandika 10235648, jumla inakuwa 159, baki 5, na tarakimu ya ukaguzi ingetakiwa kuwa 6. Mfumo unaona 8, unakataa papo hapo. Upenyo mdogo upo: baki 0 na baki 6 zote huishia kwenye 5, kwa hiyo kosa la nadra linaweza kupita. Kwa hesabu inayofanyika kwa kalamu na kipande cha karatasi, hiyo ni kinga nzuri sana, na huko mbele tutashauri uiazime.

Namba hiyo huchapwa kwa Code 128. Mzigo unapopita, kila skani hutuma alama ya tukio kwenye mfumo: EMA ni kupokelewa kwa mtumaji, EMB ni kufika ofisi ya mabadilishano (inakopitia mizigo ya kimataifa) ya nchi unakotoka, EMC ni kuondoka hapo, EMD ni kufika ofisi ya mabadilishano ya nchi unakokwenda, EME ni kushikiliwa na forodha, EMF ni kuondoka ofisi hiyo ya mabadilishano kuelekea kwa mpokeaji, EMG ni kufika ofisi ya kugawia, EMH ni kujaribu kukabidhi ikashindikana, EMI ni kukabidhiwa. Tovuti nyingi huandika maneno badala ya alama hizi, lakini mpangilio ni huu huu. Kati ya EMC na EMD mara nyingi hakuna anayeskani, maana mzigo uko safarini. Kimya cha siku kadhaa hapo hakimaanishi umepotea. Kimya baada ya EME ndicho cha kufuatilia, kwa sababu mara nyingi forodha inasubiri karatasi kutoka kwa mpokeaji.

Mfuko unaobeba mizigo hiyo nao una barkodi yake, ya tarakimu na herufi 29. Hii, tofauti na ya mzigo, imejaa habari zenyewe: ofisi inakotoka (6), inakokwenda (6), kundi la huduma (1), aina ya mzigo (2), tarakimu ya mwisho ya mwaka (1), namba ya msafara (4), namba ya mfuko kwenye msafara huo (3), alama kama ndio mfuko wa mwisho (1), alama kama una vya rejista au bima (1), na uzito (4). Mfuko ukiskaniwa, mfumo unaweza kuandika kwamba vyote vilivyoorodheshwa ndani vimefika, bila kufungua. Ndiyo sababu mara nyingine mzigo wako "umefika" kwa skani ya mfuko na huku bado haujaonekana kwa macho.

Misimbo minne ubavu kwa ubavu

Tuchukue namba ile ile ya herufi na tarakimu 13 tuichape kwa printa ya kawaida ya stika, yenye nukta 8 kwa kila milimita. Mistari miembamba kabisa tuipe nukta 2, yaani milimita 0.25, na vyumba (vijisanduku vyeusi na vyeupe) vya misimbo ya mraba tuvipe nukta 4, yaani milimita 0.5. Upana unajumlisha ukanda mweupe wa pembeni, kwa sababu bila ukanda huo skana haijui msimbo unaanzia wapi.

| Msimbo | Ulipotoka | Upana wa namba 13 | Ukikwaruzika | Anayeusoma |
|---|---|---|---|---|
| Code 39 | 1974 | mm 65 hivi | Urefu wa mistari ndio akiba; hakuna ukaguzi wa lazima | Skana yoyote, hata kuukuu |
| Code 128 | 1981 | mm 44 hadi 50 | Urefu wa mistari. Ukaguzi wa lazima ndani | Skana yoyote |
| QR | 1994, Japani | mraba wa mm 14.5 | Hujirekebisha hata asilimia 7 hadi 30 ikiharibika | Simu, skana ya kamera |
| Data Matrix | miaka ya 1980, Marekani | mraba wa mm 9 | Hujirekebisha, kiwango kisichobadilishwa | Skana ya kamera. Simu mara nyingi kwa programu ya ziada |

Code 39 tuimalize haraka. Kila herufi ina vipande tisa, vitatu vikiwa vinene, na ndiyo sababu inakula nafasi. Haina tarakimu ya ukaguzi ya lazima, kwa hiyo msimbo ukichafuka sana unaweza kusomwa vibaya bila mtu kujua. Sababu moja tu ya kuichagua leo: umerithi skana na programu za zamani zisizojua kingine. Watu huipenda pia kwa sababu kuna fonti zake za bure, unaandika namba kati ya nyota mbili na mistari inatokea. Urahisi huo unalipiwa na milimita 20 za stika kila siku.

Code 128 ni mbabe wa mistari. Kila alama ni vizio 11 (kizio ni upana wa mstari mwembamba kabisa): mistari mitatu na nafasi tatu. Ina seti tatu za herufi, na seti C hubana tarakimu mbili kwenye alama moja. Hapo ndipo tofauti ya mm 44 na 50 ilipo. Programu iliyotengenezwa vizuri huandika EE na tarakimu ya kwanza kwa seti B, inahamia C kwa jozi nne zilizobaki, kisha inarudi B kwa TZ: vizio 156. Programu mvivu huandika zote kwa seti B, na inafika vizio 178. Msimbo ni halali, namba ni ile ile, ila ni mpana zaidi. Kama programu yako ina chaguo la "Code 128 B" na la "Code 128 auto", chagua auto.

Ndani ya Code 128 kuna ukaguzi wake, unaohesabiwa kwa baki ya kugawa kwa 103, tofauti kabisa na ile tarakimu ya tisa ya Posta. Wa 103 unakamata skana iliyosoma vibaya. Wa tarakimu ya tisa unakamata mtu aliyeandika vibaya. Mmoja haufanyi kazi ya mwenzake.

QR inajulikana na kila mwenye simu, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa kuliko hata kujirekebisha. Ndogo kabisa ina vyumba 21 kwa 21, na kwa herufi kubwa na tarakimu inabeba 25 kwa kiwango L cha urekebishaji, 20 kwa M, 16 kwa Q na 10 kwa H. Namba ya 13 inakaa vizuri kwenye Q, ambayo huvumilia robo ya msimbo kuharibika. Ukilazimisha H, msimbo unapanda hadi vyumba 25 kwa 25. Urekebishaji huo usikudanganye lakini: miraba mitatu ya pembeni ndiyo macho ya QR, na ukiukata mmoja kwa kisu au kuufunika kwa gundi, simu nyingi hazitaiona kabisa hata kama sehemu nyingine yote ni safi.

Data Matrix ni kwa penye nafasi finyu. Namba yetu inaingia kwenye vyumba 16 kwa 16, na ukanda mweupe unaohitajika ni chumba kimoja tu kila upande, wakati QR inataka vinne. Uingereza wanaiweka kwenye stempu tangu 2022. Kwa vichupa vya dawa, sampuli za maabara na pakiti za mbegu inafaa kweli. Kwa boksi la parachichi hakuna sababu. Nafasi unayo, na mpokeaji wako ana simu ya kawaida.

Nani anasoma?

Skana ya leza, ile yenye mstari mwekundu mmoja, inasoma mistari peke yake. QR na Data Matrix haizioni, na msimbo ulio kwenye kioo cha simu mara nyingi haiusomi. Skana ya kamera inasoma zote. Ukinunua iliyotumika, usiridhike na neno la muuzaji. Mpelekee kipande chenye QR na chenye Code 128 uvijaribu vyote palepale.

Simu ni tofauti kidogo. Inasoma QR kwa sekunde, hata gizani kwa tochi yake, hata ikiwa imeinama. Code 128 yenye mistari ya mm 0.25 inaisumbua: ukiisogeza karibu inapoteza ukali, ukiivuta mbali mistari inaungana. Kwa wakala wa stendi anayeskani kwa simu yake mwenyewe mabegi yanaposhushwa usiku, QR inashinda bila ubishi. Kwa ghala lenye skana ya mezani na mizigo inayopita mfululizo, Code 128 ni haraka na haina shida.

Msomaji wa tatu ni jicho la mtu, na anasahaulika sana. Namba iandikwe chini ya msimbo, herufi za urefu wa angalau mm 3, kwa makundi: MB 000 147 258. Umeme ukikatika Chimala au simu ikizima, hiyo ndiyo itakayotajwa kwenye simu kwa mwenzako wa Dar. Stika yenye QR peke yake bila namba ni stika nusu.

Uweke nini ndani ya QR

Ushawishi ni kuweka kila kitu: jina, simu, kilichomo, bei, stendi ya kushukia. Usifanye hivyo, kwa sababu tatu.

Kwanza ukubwa. Maelezo ya herufi 150 kwa kiwango M yanahitaji vyumba 49 kwa 49. Pamoja na ukanda mweupe ni mm 28.5 kwa vyumba vya nusu milimita. Anayechapa kwenye stika ndogo hupunguza hadi nukta 2 kwa chumba, na kuanzia hapo kila doa la vumbi lina uzito. Pili, habari zinabadilika: mteja akisema ashushiwe Igumbilo badala ya Dar, stika tayari imeshaganda na habari ya zamani. Namba pekee haizeeki, maana mabadiliko yanafanyika kwenye mfumo. Tatu, mpakiaji yeyote mwenye simu anasoma kwamba boksi hili lina simu tatu mpya na namba ya mwenyewe ni hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakuhusu unapobandika taarifa za wateja hadharani.

Kiungo cha tovuti kinafaa kama wateja wako hufuatilia wenyewe, lakini kifupishe. Kiungo cha herufi ndogo 40 kinahitaji vyumba 29 kwa 29 kwa kiwango M. Kikiandikwa kwa herufi kubwa tupu na kisizidi 38, kinaingia kwenye 25 kwa 25, kwa sababu QR ina njia nafuu ya kubeba herufi kubwa, tarakimu na alama chache kama nukta, mkwaju na nukta pacha. Jina la tovuti halijali herufi kubwa wala ndogo. Sehemu inayofuata baada ya mkwaju inaweza kujali, kwa hiyo jaribu kabla ya kuchapa elfu moja.

Namba yako mwenyewe kwa njia ya basi

Azima hesabu ya Posta, usiazime sura yake yote. Herufi mbili za kituo, tarakimu nane za mfululizo, moja ya ukaguzi: MB000147258. Fanya hesabu: 0, 0, 0, 1, 4, 7, 2, 5 zinatoa 2 + 12 + 35 + 18 + 35, jumla 102, baki 3, ukaguzi 8. Usiongeze TZ mwishoni. Itafanana na namba ya Posta na siku moja mteja ataitafuta kwenye mfumo usio wako. Kwenye herufi za kituo epuka O na I, kwa sababu kwenye karatasi iliyolowa hazitofautiani na 0 na 1.

Kuacha hizo herufi mbili za mwisho kuna faida nyingine kwenye printa ndogo za karatasi ya mm 58, zile za risiti zilizojaa stendi. Zinachapa upana wa mm 48 tu, nukta 384. Namba ya Posta ya vizio 156 kwa nukta 3 inahitaji nukta 468. Haiingii, unabaki na nukta 2. MB000147258 ni vizio 123. Kwa nukta 3 inakuwa 369, inaingia, na mistari inanenepa hadi mm 0.375. Kwa simu za bei ya chini tofauti hiyo ndiyo kusoma na kutosoma.

Ushauri wetu kwa ofisi ya basi ni kuweka vyote viwili kwenye stika moja: QR ya namba tupu kushoto, Code 128 ya namba ile ile kulia au chini, na namba kwa macho. Kwa printa ya mm 80 vinakaa bila kubanana. Kwenye programu ya skani hakikisha skani inahifadhiwa kwenye simu na saa yake halisi, kisha inapandishwa mtandao ukirudi. Mfumo unaoandika saa ya kupandishwa badala ya saa ya kuskani utakuonyesha mizigo ikifika Mafinga baada ya kufika Morogoro.

Wanaosafirisha parachichi za Njombe kwa paleti (majukwaa ya kupakia mizigo) kwenda nje watakutana na msimbo mwingine, SSCC, namba ya kutambua paleti nzima: tarakimu 18 ndani ya Code 128 ya mfumo wa GS1, shirika la kimataifa la viwango vya barkodi. Huo hauubuni mwenyewe. Unajengwa juu ya namba ya kampuni iliyosajiliwa, na huchapwa mnene, mistari kuanzia mm 0.495, ili usomwe kutoka kwenye foklifti. Upana wake hapo ni mm 77 bila ukanda mweupe, kwa hiyo printa ya mm 58 uisahau.

Pale uchapaji unapoharibu msimbo mzuri

Kosa la kwanza ni kuvuta picha. Mtu anatengeneza barkodi, anaituma kwa WhatsApp kama picha, inabandikwa kwenye hati na kuvutwa hadi mm 40 kwa sababu mm 40 ni namba nzuri. Mm 40 ni nukta 320. Gawanya kwa vizio 156, ni nukta 2.05 kwa kizio. Printa haiwezi kuchapa sehemu ya nukta, kwa hiyo vizio vingi vinapata nukta 2 na vichache vinapata 3, na Code 128 inayosomwa kwa kulinganisha unene inavurugika. Mm 39 kamili ni nukta 312, sawasawa 2 kwa kila kizio. Acha programu ya stika ichore barkodi yenyewe, na zima chaguo la kukuza ili kujaza ukurasa.

Kosa la pili liko kwenye kichwa cha printa. Nukta moja ikiungua, inaacha mstari mweupe mwembamba unaofuata mwendo wa karatasi. Mistari ya barkodi ikiwa imesimama kufuata mwendo huo, nukta iliyokufa inaweza kufuta mstari mmoja mzima toka juu hadi chini, na stika haitasomeka popote. Ukigeuza barkodi ilale kama ngazi, jeraha linakata pembeni tu na skana inapata njia juu yake. Kabla ya kulaumu nukta, safisha kichwa kwa spiriti na kitambaa kisicho na nyuzi. Mara nyingi ni gundi ya stika tu.

Karatasi ya joto, isiyohitaji riboni, ni rahisi na inatosha kwa safari ya siku mbili. Ila inageuka nyeusi ikikaa karibu na injini, inafifia juani, na mafuta yanaifuta: kifurushi cha parachichi zilizopasuka au samaki wa Kyela kitaonyesha ukweli huo kufika Kitonga. Kwa mizigo ya nje au ya kukaa ghalani tumia printa ya riboni. Riboni ya nta inafaa karatasi. Ya resini kwa stika za plastiki, na kwa mvua ya Rungwe hii ya pili ndiyo inayodumu.

Selotepu juu ya barkodi huakisi mwanga wa leza, na gundi yake baada ya muda hula maandishi ya karatasi ya joto. Kama lazima ufunike, tumia mfuko mwembamba wa plastiki usiong'aa sana, na usipitishe mkunjo juu ya mistari. Asubuhi ya Makete au Mafinga mwezi Juni, boksi lenye umande halishiki stika. Lifute, bandika ndani ya ofisi, bonyeza kwa kiganja. Kwenye kiroba stika hubanduka hata kukiwa kukavu, kwa sababu nyuzi zake hazina uso bapa. Funga kadi ngumu yenye tundu kwenye mdomo wa kiroba, mbili kama mzigo una thamani. Kwenye kopo la duara, mistari ilale kama pete kuzunguka kopo, ili skana isome kwa urefu wa kopo bila kukutana na mpindo.

Rangi: mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe ni sawa na karatasi tupu kwa skana ya mwanga mwekundu. Nyeusi juu ya nyeupe. Kuchapa moja kwa moja juu ya boksi la kaki kunapunguza tofauti ya rangi. Bandika stika nyeupe.

Vile vimistari vya bahasha za nje

Bahasha ya Marekani huwa na mistari 65 mifupi, yenye urefu wa aina nne: kamili, iliyopanda juu, iliyoshuka chini, na kifupi cha katikati. Inabeba hadi tarakimu 31: 20 za kumtambua mtumaji, huduma na mfululizo, na hadi 11 za anwani ya kugawia. Ya Uingereza ina mistari minne kwa kila herufi ya postikodi. Misimbo hiyo ni ya mashine za kuchambua barua kwa kasi, na nguvu yake inategemea postikodi sahihi. Hapa kwetu haina kazi kwa mtumaji. Postikodi yenyewe inayo: Mbeya huanza na 53, Iringa 51, Njombe 59, Songwe 54, Ruvuma 57. Iandike kwenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, hata ukituma kwa basi. Programu yako inaweza kupanga mizigo kwa tarakimu mbili hizo bila kusoma jina la mtaa.

Kabla ya kuagiza roli nyingi za stika, chapa kumi. Bandika tano kwenye boksi na tano kwenye kadi za viroba, zipeleke kwa basi hadi Dar na kurudi, kisha uskani kila moja kwa simu ya bei ndogo kuliko zote ulizo nazo ofisini na kwa skana. Zisizosoma kwa simu lakini zinasoma kwa skana zinahitaji mistari minene zaidi. Zisizosoma kwa vyote viwili, angalia kwanza ukanda mweupe wa pembeni: mara nyingi fremu ya stika au nembo ya ofisi imesogezwa ikagusa mistari.